Wananitaka niskani siri za wateja, na nikikataa nitaonekana nalinda kiti changu

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mshauri,

Naomba ufiche jina langu na la ofisi yetu. Dodoma imekuwa jiji, lakini sisi watu wa mahakamani bado tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu. Ni karani kwenye ofisi ya wakili mmoja, na nilianza kazi hapo tukiwa bado tunataipu kwa mashine ya kugonga. Mashauri yetu mengi ni ya ardhi. Mtu wa Dodoma haulizi kwa nini. Kuna viwanja vilivyopimwa enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kuna waliolipwa fidia na wanaosubiri mpaka leo, kuna kiwanja kimoja chenye barua mbili za toleo, yaani za kumilikishwa, na kila mwenye barua ana stakabadhi zake. CDA ilivunjwa mwaka 2017, ila mafaili yake yanaendelea kuzaa kesi. Baada ya ardhi zinafuata mirathi na talaka.

Kazi yangu ni zaidi ya kutaipu. Mteja akiingia anaanzia kwangu, kwenye benchi. Wazee wanatoka Bahi, Mvumi, Chilonwa. Kiswahili wanakijua, lakini jambo la ndani ya familia hawalisemi kwa Kiswahili. Mimi ni Mgogo. Tunasalimiana mbukwenyi, tunaulizana habari za mvua na ng'ombe, na katikati ya maongezi hayo shauri lenyewe linatoka. Naliandika kwenye kaunta buku, ndipo namwita Mzee, yaani wakili wangu. Hizo kaunta buku zimejaa kabati zima.

Usinidhanie mtu wa kuogopa kompyuta. Mahakama ilipoanza kupokea mashauri kwa mtandao, makarani wenzangu wengi waliachia ngazi. Mimi nilijifunza usiku, kwa bando langu mwenyewe, na hadi leo mawakili wa ofisi za jirani wakikwama kupandisha nyaraka wananiita mimi.

Sasa Mzee macho yanamsumbua, hasomi tena faili refu, na binti yake amerudi kutoka Dar kuchukua usukani. Binti huyu ni wakili mzuri. Alipokuwa mdogo ni mimi niliyekuwa namfuata shule na kumnunulia ubuyu, na akimaliza kula anasinzia juu ya mafaili mpaka baba yake amalize kazi. Ananiita mama mdogo, mpaka mbele ya wateja.

Amekuja na programu ya akili mnemba, na sitaki kuisingizia. Hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Kiingereza, ndefu kama safari ya Kondoa enzi za vumbi, inamfupishia kwa Kiswahili chai ikiwa bado ya moto. Kuna mkataba wa mauziano ya kiwanja Ipagala uliopita mikononi mwa watu wengi. Programu ile ikaonyesha kwamba muuzaji alisaini kabla hajateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Hakuna mtu aliyekuwa ameliona hilo, na shauri zima liligeuka.

Halafu likatokea la mzee wa Bahi. Siku hiyo binti alimpokea mwenyewe, kwa haraka, kwa Kiswahili. Akaandika kwamba mpwa wa huyu mzee yuko kwenye shamba kwa zaidi ya miaka 20 na sasa anadai ni lake. Programu ikaandaa maoni ya kisheria yaliyopangika vizuri: muda wa kudai ardhi ni miaka 12, umepita, mteja ashauriwe kupatana. Mzee wa Bahi alipotoka akakaa kwenye benchi kusubiri gari, tukaongea. Akanieleza kwa Kigogo kwamba mpwa alifiwa na baba, wakamkaribisha pale alime uwele na mtama mpaka atakapooa na kupata pake. Nilikwenda kumwambia Mzee. Akacheka, akasema aliyekaribishwa hawezi kumfukuza mwenyeji hata akae miaka mingapi, akaagiza maoni yaandikwe upya.

Binti hakukasirika. Kesho yake aliniambia hivi: "Mama mdogo, ndiyo maana nataka hayo unayoyajua wewe yaingie kwenye mfumo." Amenunua skana. Anataka niskani mafaili yote, ya zamani na mapya, pamoja na kaunta buku zangu, likizo ya Mahakama isiishe kabla hatujamaliza, ili yote yaingie kwenye ile programu.

Mshauri, kwenye kaunta buku zile kuna mambo. Kuna mke anayeeleza majibu ya vipimo vya hospitali. Kuna mtoto wa nje ambaye familia ya marehemu mpaka leo haijui yupo. Waliniambia mimi, wakiwa wameinamisha kichwa. Nimemuuliza binti yanakwenda wapi, akasema yako salama, nisiwe na wasiwasi.

Na kuna lingine. Nilimsikia kwenye simu akisema, "Tukishamaliza kuskani, hatutahitaji mtu wa kudumu pale mbele." Mtu wa pale mbele ni mimi.

Mwanangu wa pili anasoma sheria UDOM, ada inatoka kwenye mshahara huu. Yeye ananiambia, "Mama, ukikataa utaonekana wa kizamani, utaachwa." Dada wa ofisi ya jirani ananishauri nizibebe kaunta buku nikazifiche chini ya kitanda, ndiyo bima yangu. Mzee mwenyewe hasemi kitu, anasema tu "msikilize mwenzio."

Nikiskani, najichimbia shimo kwa mikono yangu na kuwauza walioniamini. Nikikataa, mtoto niliyemlea ataona nalinda ugali wangu kwa kisingizio cha siri. Na nikiwa mkweli, usiku nikilala hata mimi sijui ni kipi kati ya hivyo viwili.

Mama Karani, Dodoma

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu. Pole, na hongera kwa kuandika barua iliyonyooka namna hii. Wengi wangeniletea nusu ya habari, ile inayowapendelea. Wewe umeeleza mpaka mazuri ya ile programu.

Nikikuelewa, umeombwa kitu kimoja, kuskani, lakini ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja: siri za watu waliokuamini, na kiti chako. Unaogopa kulisema la kwanza kwa sababu litasikika kama la pili. Mimi naona yote mawili ni ya kweli, na kuwa na moja hakulifanyi jingine kuwa uongo. Mtu anaweza kuhofia ajira yake na bado akawa na haki kuhusu siri ya mteja. Tuyatenganishe basi, maana yana majibu tofauti na hata watu wa kuyazungumza nao ni tofauti.

Nianze na siri. Huenda hulijui hili: sheria inakutaja. Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kutoa aliyoambiwa na mteja wake bila ridhaa ya mteja huyo, na haikuishia kwa wakili, imewafikia mpaka wakalimani na makarani wa wakili. Wewe ulikaa benchi lile kama mkalimani na karani kwa pamoja. Kwa hiyo unapouliza yanakwenda wapi, hujavuka mpaka wako wala hujamkosea adabu binti. Ni swali la kazi. Juu ya hapo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mambo ya afya ya mtu, kama yale ya yule mke, ni taarifa zinazotakiwa kuangaliwa kwa jicho kali zaidi. Sheria hiyo inagusa pia kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Programu nyingi za akili mnemba tunazozitumia zinaendeshwa kwenye kompyuta zilizo nje ya Tanzania, hata kama wewe umekaa Nkuhungu.

"Yako salama" ni neno la kumtuliza mtu, halijibu ulichouliza. Lakini na wewe, ulimuulizaje? Kama uliuliza kwa jumla, amekujibu kwa jumla. Jaribu kuuliza vipande vipande. Akaunti ni ya ofisi au ni ya binti mwenyewe? Ni ile ya bure au ya kulipia? Mkataba wa kampuni inayoiendesha unasema nini kuhusu kutumia nyaraka tunazoweka kuifundisha programu yao? Tukitaka kufuta faili la mtu, linafutika? Mteja ameambiwa? Kuna huduma zinazouzwa kwa maofisi zinazoahidi kwa maandishi kutotumia nyaraka za mteja kwa mafunzo, na kuna za bure zisizoahidi hivyo. Tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa, na inawezekana binti ameshalipima jambo hili ila hajaona haja ya kukueleza. Inawezekana pia hajalipima. Hujui, nami sijui.

Hapa naomba nikuguse kidogo. Umeandika kama vile kaunta buku ni mahali salama na programu ni mahali pa hatari. Ni kweli hivyo? Kabati hilo lina kufuli? Anayefagia asubuhi anasoma? Na mchwa wa Dodoma unawajua, hawachagui faili la talaka wala la kiwanja. Ile ya chini ya kitanda ndiyo iliyonitisha zaidi katika barua yako yote. Namwelewa huyo dada wa jirani, anakutakia mema. Lakini madaftari yale yana siri za wateja wa ofisi. Siku yakigundulika nyumbani kwako, hoja yako yote ya kulinda siri itaporomoka, na ofisi itakuwa na sababu ya kukuondoa ambayo leo haina.

Tuje kwa mzee wa Bahi. Nimeirudia sehemu hiyo mara kadhaa kwa sababu nadhani unaiegemea sana. Unaisoma kama ushahidi kwamba mashine haiwezi. Mimi naisoma tofauti kidogo. Iliambiwa mtu amekaa zaidi ya miaka 20, ikajibu kwa kanuni ya miaka 12. Ungempa daftari lile lile kijana aliyetoka shule ya sheria jana, angejibu vile vile. Hitilafu ilikuwa kwenye kusikiliza. Hakuna aliyemuuliza mzee, "Mpwa wako aliingiaje?" Msimamo wa Mahakama ya Rufani kwamba aliyekaribishwa kwenye ardhi hawezi kumnyang'anya mwenyeji wake kwa hoja ya muda unajulikana, na programu ingeweza kuutaja kama ingeambiwa kuna ukaribisho. Ilichokosa ni neno lililosemwa kwa Kigogo, na mtu wa kumsikiliza mzee akiwa anasubiri gari.

Tofauti hii ina uzito kwako. Ukisimama mbele ya binti na kusema "mashine inakosea," atakuonyesha mkataba wa Ipagala, na atakuwa sahihi.

Ni kweli inakosea, tena kwa kujiamini. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga, kesi zisizokuwepo duniani. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Afrika Kusini huko Pietermaritzburg ilikuta kesi tisa zimetajwa na zilizopatikana kweli ni mbili tu, na maelezo ya ofisi yakaanza kumshukia kijana aliyekuwa bado kwenye mafunzo ya uwakili. Kwetu kuna mtego mwingine, wa sheria kubadilika. Uliza programu kuhusu baraza la kata, inaweza kukujibu kwamba linaamua migogoro ya ardhi isiyozidi shilingi milioni 3. Ilikuwa hivyo zamani. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Na Toleo la Urekebu la sheria zetu la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha namba za vifungu vingi, kwa hiyo hata jibu sahihi linaweza kuja na kifungu cha zamani. Binti anapaswa kuhakiki kila kesi kwenye tovuti ya TanzLII, ambako hukumu zetu zinapatikana bure, kabla hajatia saini. Jina linaloonekana kwenye waraka ni lake, na atakayeulizwa na jaji ni yeye.

Lakini usijenge nyumba yako juu ya makosa ya mashine, mdogo wangu, kwa sababu yanapungua. Mahakama yenyewe inatumia akili mnemba kusikiliza yanayosemwa mahakamani, kuyaandika na kuyatafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Hairudi nyuma. Ulilivuka la taipureta, ukalivuka la kufungua mashauri kwa mtandao. Hili linaweza kuwa tofauti na yale, siwezi kukuahidi kwamba utalivuka vile vile. Yale yaligusa mikono yako, na hili linagusa unachokijua.

Ndiyo maana lile neno la binti, kwamba unayoyajua yaingie kwenye mfumo, nadhani hukulisikia lote. Umelisikia kama mtu anayekamuliwa. Ndani yake kuna kukiri pia, kwamba unajua kitu ambacho yeye na programu yake hawana. Sasa kitu hicho kiko wapi hasa? Akiskani kaunta buku atapata ulichoandika. Hatapata ulivyouliza, wala sababu ya wazee wale kukueleza wewe. Chukua mfano mwingine ambao hukuuandika lakini nadhani unaufanya kila wiki: mwenendo wa shauri kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba, ulioandikwa kwa mkono wa mwenyekiti, mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Ni nani pale ofisini anausoma? Ni nani anafungua kwanza kutafuta kama maoni ya wazee wa baraza yalisomwa mbele ya wadaawa, yaani pande zote za shauri, akijua kwamba hukumu nyingi za mabaraza zimetenguliwa kwenye rufaa kwa kukosa hilo tu? Kama ni wewe, basi pale "mbele" hukuwa mtu wa mapokezi. Umewahi kumwambia binti hivyo? Au unategemea akumbuke, kwa vile ulimlea?

Sasa ile simu. Ulisikia nusu ya mazungumzo. Huenda maana yake ni ile unayoiogopa. Huenda ni kwamba hatahitaji mtu wa kukaa mbele kwa sababu anataka ukae ndani. Sikupi matumaini ya bure, nasema tu kwamba umeishi na sentensi moja kama hukumu wakati aliyeisema yuko chumba cha pili.

Hata hivyo jiandae kwa ile mbaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini haimruhusu mwajiri kukuambia kesho usije kwa sababu amenunua programu. Kupunguza mfanyakazi kuna utaratibu wake: notisi, sababu kuelezwa, mashauriano kabla ya uamuzi. Kiinua mgongo kwa aliyepunguzwa ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Ukiachishwa na ukaona si haki, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na wengi wanapoteza haki yao hapo, kwa kusubiri huruma. Wiki hii pia nenda NSSF ukaangalie michango yako kama imeingia yote. Ofisi nyingi ndogo zinazoshughulikia haki za watu huko nje zina vumbi humo ndani. Sisemi yako.

Njia zilizo mbele yako nitazisema ninavyoziona, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kwenda kwa Mzee kwanza. Anakufahamu, na leseni ya muda mrefu pale ni yake. Lakini tazama unachomwomba: asimame kati yako na bintiye, wakati macho yanamsumbua na ofisi inamponyoka. Lile "msikilize mwenzio" huenda ni kuchoka, na huenda ni namna yake ya kusema ameshakabidhi. Na binti akijua ulipitia kwa baba, uaminifu kati yenu utapata ufa.

Unaweza kuanza na binti. Hapo hatari ni ile uliyoitaja, ataona ni ugali. Labda ukianza wewe mwenyewe kulisema halitakuwa na nguvu tena: "Mwanangu, nina hofu mbili, moja ni ya kazi yangu na tutaiongea siku nyingine. Leo naomba tuongee hii ya wateja." Mtu akishakiri la moyoni, ni vigumu kumshika nalo. Unaweza hata kumpelekea pendekezo. Hukumu na sheria ni za wote, ziingizwe hata leo. Mikataba na hati za ardhi zifuate baada ya majina kufunikwa. Talaka, mirathi yenye mambo ya ndani na kaunta buku zisubiri mpaka yale maswali yapate majibu ya maandishi na wateja waulizwe. Mwiba wa njia hii ni kwamba utakuwa umekubali kazi, na kazi ikiisha, ile simu inaweza kutimia vile vile, ila kwa polepole.

Kukataa moja kwa moja ni haki yako kama unachoagizwa kinavunja sheria. Kama hakivunji, kinaweza kuitwa utovu wa nidhamu. Ndiyo maana yale maswali yanatangulia kukataa.

Kuondoka je? Najua wapo waliofungua stationeri karibu na Kituo Jumuishi cha mahakama, wanataipu, wanaprinti, wanasaidia watu kupandisha mashauri. Kwa ujuzi wako ungepata wateja. Ila mteja wa pale hataki kutaipiwa tu, atakwambia, "Mama, niandikie na madai yenyewe," akitoa na hela. Sheria ya Mawakili inamwona asiye wakili anayeandaa nyaraka za kisheria kwa malipo kuwa ametenda kosa. Utaitwa kishoka, wewe uliyekuwa unawacheka vishoka. Ukitaka kubaki kwenye sheria kwa miguu yako mwenyewe, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kina cheti na stashahada ya sheria, na Chuo Kikuu Huria kinakuwezesha kusoma bila kuhama Dodoma. Lakini ada mbili ndani ya nyumba moja, na mshahara ambao huna uhakika nao? Hilo litazame na watoto mezani.

Sitakuchagulia. Wewe ndiye unayemjua binti akinyamaza ananyamaza kwa aibu au kwa hasira, na hilo ndilo litakaloamua mengi. Ninachokuomba ni usiguse skana wala kabati kabla hamjaongea, na usiongee naye siku ambayo mna shauri mahakamani.

Halafu huyo kijana wako wa UDOM anayekwambia utaachwa. Ana ujasiri wa mtu ambaye hajaulizwa bado. Kazi ambazo mawakili wachanga walikuwa wakianzia, kusoma mafaili mpaka macho yaume, kufupisha hukumu, kuandika rasimu ya kwanza ikachanwa na mkubwa, ndizo programu ile inazozifanya sasa. Yeye atajifunzia wapi? Kabla likizo yake haijaisha, muulize Mzee kama kijana huyo anaweza kuja kukaa na wewe kwenye benchi, asikilize tu, asiandike. Kigogo anakisikia vizuri, au nacho mlimlea kwa Kiswahili?

Mshauri wako